Darasa Zima Lilikataa Udongo

Mdogo wangu aliingia kibandani kwangu mchana, akaweka karatasi juu ya simu niliyokuwa nimeifungua, akasema, "Dada, nimepangiwa biashara."

"Biashara gani? Nani kakutuma uuze?"

"Siyo kuuza. Mchepuo wa biashara, kidato cha tatu. Dodoso ndo limesema hivyo. Usaini hapo, Jumatatu niirudishe."

Nikaweka bisibisi chini. Juu ya karatasi kulikuwa na jina lake, na chini yake maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: kwamba majibu yake yanaonyesha anapenda zaidi kazi za ofisini na utunzaji wa kumbukumbu, hivyo anashauriwa kuchukua mchepuo wa biashara, na mlezi aweke sahihi kama anakubali. Nikasoma mara tatu. Nikahisi kama mtu kanimwagia ndoo ya maji ya baridi mgongoni.

Huyu mtoto namjua. Kukaa kwenye kiti dakika kumi hawezi. Ukifungua madaftari yake unakuta Historia imeandikwa katikati ya Kiswahili, na Kiswahili kimehamia nyuma ya Hesabu. Leo karatasi inaniambia anapenda kutunza kumbukumbu! Kumbukumbu zipi? Za nani? Halafu matokeo ya kidato cha pili yametoka juzi tu, Baiolojia ana B. Mtoto wa B ya Baiolojia unampeleka akahesabu mafaili?

"Hii kaandika nani?"

"Madam wa ushauri."

"Kesho nakwenda."

"Dada, usiende."

"Nakwenda."

"Basi ukienda usipige kelele."

Hapo sikumjibu, maana sikutaka kumdanganya.

Niseme kwanza kwa nini nilipandwa na hasira vile. Mimi ni fundi simu hapa Songea, kibanda changu hakiko mbali na soko. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilianza na simu za watu zilizokufa kabisa, zile ambazo hata ukiziharibu hakuna wa kukulaumu, nikawa nafungua, nafunga, nafungua tena, huku naangalia video kwenye simu ya rafiki yangu. Nilipomaliza kidato cha nne hakuna aliyewahi kuniuliza napenda nini. Swali nililozoea shuleni lilikuwa moja tu: kwa nini umechelewa. Nikafeli, nikarudi nyumbani, nikajitafutia.

Nyumbani ni kijijini, upande wa Namtumbo. Mama analima mahindi na tumbaku, ile tumbaku ya moshi inayokaushwa kwenye bani kwa kuni. Baba hatunaye. Nilipopata vyumba viwili Mjimwema, hapahapa Songea, nikaenda kumchukua mdogo wangu, akiwa bado shule ya msingi, nikamwambia mama mbele ya majirani: huyu hatashika jembe maishani mwake, huyu atakuwa daktari. Mama alinyamaza. Mimi nikaona ni furaha imemzidi.

Kwa hiyo aliyekuja na kikaratasi cha kumpeleka mdogo wangu ofisini alikuwa ameingia kwenye ugomvi na mimi.

Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nikafika shuleni na bodaboda, viatu vimejaa matope mekundu, nimelowa, na hasira zangu kavu kabisa. Madam wa ushauri nilimkuta peke yake kwenye chumba kidogo. Kumbe ni msichana tu! Tunalingana umri, labda kanizidi mwaka.

"Karibu mzazi."

"Mimi siyo mzazi, mimi dada yake. Nimekuja kwa hii." Nikaipiga karatasi mezani.

"Kaa kwanza, dada."

"Sikai."

"Haya, simama. Mimi nakaa, nimefundisha vipindi vinne mfululizo, miguu sina."

Nilimwaga yote. Kwamba mdogo wangu atakuwa daktari. Kwamba karatasi haiwezi kumjua mtoto kuliko mimi ninayemfulia sare. Kwamba kama wanatafuta makarani wakawatafute kwao. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, halafu akaanza kunieleza, taratibu, kama anaongea na mtu aliyebeba mayai.

Akasema dodoso siyo mtihani. Ni orodha ya vitu ambavyo watu wanafanya: kupanga vitu, kutengeneza, kuuguza, kufundisha, kutunza mimea, kuchora, kuuza. Mwanafunzi anaweka alama ndiyo, hapana au sijui. Ukijumlisha unaona moyo wa mtoto umeelemea wapi. Akasema kabla ya hapo ukiuliza darasa wanataka kuwa nani, unapata daktari, rubani, mwanajeshi, basi, kwa sababu ndo kazi walizosikia. Dodoso lenyewe alilipata kwenye semina, akalitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili siku tatu, akachapisha kwa kuombaomba karatasi za rimu kwa walimu wenzake.

Hapo nikapoa kidogo. Mtu aliyejitafutia kitu chake mwenyewe huwa namheshimu, hata kama nagombana naye.

"Nionyeshe majibu yake," nikasema.

Akatoa bunda, akachomoa la mdogo wangu. Nikasoma nikiwa bado nimesimama. Napenda kupanda na kutunza mimea: hapana. Napenda kufanya kazi nje, kwenye udongo: hapana. Napenda kujua kwa nini mmea mmoja unastawi na mwingine unakufa: hapana. Hapana zote zimekandamizwa kwa kalamu mpaka karatasi imevimba upande wa pili.

"Hapo sawa," nikasema. "Jembe halitaki. Hilo angalau mmepatia."

Madam alikuwa amefungua karatasi ya mwanafunzi mwingine, jina amelifunika kwa rula, akaangalia ukurasa uleule. Akafungua nyingine. Nyingine tena. Nikasogea. Hapana, hapana, hapana. Akawa anafungua harakaharaka kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea, na kila alipofungua, mistari ile ya udongo ilikuwa na hapana. Nilianza kuhesabu nikaacha. Darasa zima! Watoto wa Songea, watoto ambao likolo, mboga ya majani wanayokula, wamelichuma nyuma ya nyumba, hakuna hata mmoja anayependa mmea. Hata mmoja!

"Haiwezekani," madam akasema. Alikuwa amekauka uso. "Mimi nilijumlisha ya kila mmoja. Sikuwahi kuyaweka pamoja."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilikaa kwenye kiti sasa, bila kukaribishwa.

"Madam, mtoto akichelewa namba ya asubuhi hapa mnampa nini?"

"Adhabu."

"Adhabu gani?"

Akasita. "Matuta. Analima matuta."

"Akikutwa anaongea Kiswahili darasani?"

"Matuta."

"Akipiga kelele?"

"Anang'oa kisiki. Au anapalilia mahindi ya shule."

"Halafu mtoto huyohuyo unampa karatasi, imeandikwa napenda kufanya kazi kwenye udongo, aweke ndiyo au hapana, aandike na jina lake juu! Wewe ungeandika ndiyo? Hao walijua mnatafuta watu wa kwenda kupalilia!"

Akaweka mkono mdomoni. "Mungu wangu," akasema. "Na mimi ndo mwalimu wa zamu wiki hii. Jana nimetoa matuta kumi na mbili."

Nikacheka, siwezi kudanganya. Nilicheka kwa sauti. Naye akacheka, lakini cheko lake lilikatika mapema. Aliliangalia lile bunda kama mtu aliyepika sufuria kubwa la wali halafu akakumbuka hakuosha mchele. Ndipo aliponigeukia.

"Na wewe, dada, una kosa."

"Mimi?"

"Umekuja na jibu lako mfukoni. Neno daktari umelitaja mara nne tangu uingie hapa. Yeye mwenyewe hajawahi kulitaja kwangu hata mara moja."

Nikaiokota karatasi yangu mezani, nikaanza kuikunja.

Tukakubaliana hivi: karatasi ile ya biashara nisisaini. Alhamisi atarudia zoezi, darasa lote, ila kwanza atawaambia hakuna alama, hakuna shamba, hakuna adhabu. Na kabla ya dodoso atawapa karatasi tupu, kila mtu aandike vitu vitatu anavyovifanya bila kutumwa na mtu, vile ambavyo ukimzuia anakasirika. Akaninyooshea kidole: "Na wewe nyumbani usimwambie kitu. Hata kidogo. Utaweza?"

Nikamwambia nitaweza. Nilikaa kimya siku mbili nzima. Mdogo wangu alinishika paji la uso akidhani naumwa.

Ijumaa jioni, jua bado lipo, akaingia nyumbani na karatasi mpya. Hakuiweka mezani safari hii, aliishika kwa mikono miwili. Juu kulikuwa na vitu vyake vitatu, kwa mwandiko wake. Cha kwanza, kubebesha miche ya parachichi, yaani kuunganisha kijiti cha mti mzuri kwenye mche mwingine. Cha pili, kuchimbua miche iliyokufa na kutafuta imekufa kwa nini. Cha tatu, kwenda kwa watu wenye parachichi nzuri kuwaomba vijiti vya kubebeshea. Chini ya hapo, majibu ya dodoso. Mistari ileile mitatu ya udongo: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Na chini kabisa: mchepuo unaopendekezwa, kilimo.

Jamani. Kilimo!

Wa kilimo shuleni kwao wanaitwa wazee wa matuta. Ndiko wanakopelekwa, watu wanasema, waliokosa pa kupelekwa. Nilimwangalia mtoto niliyemtoa kwenye tumbaku, niliyemnunulia kitabu cha Baiolojia wakati mwenyewe navaa kandambili zilizoshonwa kwa waya.

"Nimekutoa kijijini uje kulima mjini?"

"Sijasema kulima."

"Hapa pameandikwa nini?"

"Kilimo. Lakini miche siyo kulima, dada. Kulima ni adhabu. Miche ni mambo yangu."

"Miche ipi?"

Akanishangaa. Kwa kweli alinishangaa, mdomo wazi. "Ya uani," akasema. "Unairuka kila asubuhi."

Nikatoka nje kuangalia. Ilikuwa pale, ukutani, kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki, vilivyopangwa mistari, mirefu mbele na mifupi nyuma. Nilikuwa naiona, ndiyo, kama unavyoona beseni. Nilidhani ya mama mwenye nyumba. Kila mche ulikuwa umefungwa ukanda wa nailoni mahali palipounganishwa, umekazwa vizuri, bila mkunjo, kazi safi kuliko hata ninavyofunga mimi waya wa spika. Na kila kiriba kilikuwa na kibao kidogo chenye maandishi: tarehe, na kijiti cha kubebeshea kimetoka kwa nani. Hapo nikashika kichwa. Kumbukumbu! Ile karatasi ya kwanza haikudanganya yote. Mtoto anatunza kumbukumbu kweli, ila siyo za ofisini. Alikuwa ameweka ndiyo kwenye kupanga na kuandika kwa sababu anapanga na kuandika kila siku, akaogopa tu kusema anapanga nini.

Pembeni kulikuwa na mstari wa viriba vitupu. Nikamuuliza hivi vimekuwaje.

"Hivyo ulivimwagia maji ya sabuni. Siku ile ulipofua mapazia."

Nikakumbuka siku ile. Alilia mpaka jioni. Mimi nilimfuta machozi nikamwambia asilie, mama tutamtembelea mwezi ujao. Nilidhani kamkumbuka mama! Nikachuchumaa pale uani, mtu mzima, nikaokota kiriba kimoja kitupu. Mimi ninayejisifu kwamba nikigusa simu tu najua ugonjwa wake. Huyu nalala naye nyumba moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nisome."

Ni kweli. Ningesema asome.

Lakini sikukubali hapohapo, nisijifanye mtakatifu. Nilimwambia nimemwahidi mama, na ahadi ya mama siivunji kwa ajili ya parachichi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, yeye huwa hapigi kelele, kelele zote nimerithi mimi: "Wewe simu, ulimwomba nani ruhusa?" Kisha akaingia ndani, akaiacha karatasi juu ya kreti la soda. Jumamosi nzima hatukusemeshana zaidi ya chumvi iko wapi.

Jumapili mchana nikampigia mama. Mtandao anaupata akishatoka misa, akifika barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mdogo wangu anataka kusoma kilimo." Nikalitoa lote mara moja, kama mtu anayetapika. Nikamweleza dodoso, madam, miche. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sisaini, nakumbuka nilichomwahidi.

Nikasikia pikipiki inapita upande wake.

"Anaibebesha mwenyewe? Kwa mkono wake?"

"Ndiyo."

"Inashika?"

"Mingi inashika. Ila mama, mimi nilikuahidi hatashika jembe."

"Uliahidi wewe. Mimi nilikuomba?"

"Si ulinyamaza!"

"Nilinyamaza kwa sababu ukishaanza kuongea hapati mtu nafasi. Nani kakwambia mimi nachukia shamba? Nachukia bani. Moshi ule ndo umekula kifua changu. Shamba la mahindi ndo limekulisha wewe mpaka ukapata nguvu za kunipigia kelele. Na ulipoanza kufungua masimu ya watu, nilikwambia nini?"

"Hukusema kitu."

"Nilikuwa naogopa mpaka silali. Nilidhani watakufunga. Lakini sikusema kitu."

Nilikata simu nikakaa chini ukumbini, mgongo ukutani. Miaka yote hiyo nimepigana vita ya mama, na mama hakuwa na vita. Nilikuwa nimejaza dodoso kwa niaba ya watu wawili, yote hapana, wala sikuwauliza hata mmoja.

Siku hizi mtu akisema kibandani kwangu kwamba madodoso ya shule ni upuuzi wa kizungu, nabishana naye mpaka anasahau simu yake. Dodoso lina kazi. Bila lile la kwanza, lililokosewa, madam asingeona ukurasa wa hapana, na mimi ningeendelea kuruka viriba. Ila usimpe mtoto karatasi wakati jembe la adhabu bado limeegemea mlangoni, halafu ukaamini alichoandika. Na ukishapata majibu, kaa naye, muulize. Karatasi haiulizi swali la pili. Hilo ni la mtu.

Jumatatu tukaenda wote shuleni. Mdogo wangu hakuwa ameamini bado kwamba nitasaini kilimo, alinitazama njia nzima kama nitaruka kwenye bodaboda nikimbie. Madam akatutengea meza. Nikachukua kalamu, nikasaini palepale kwa nguvu, haraka, kabla sijabadili mawazo, nikamsukumia mdogo wangu karatasi.

Akaangalia. Akaangalia tena. Akaanza kucheka hadi akashika ubavu.

"Dada! Umesaini pa mwanafunzi!"

Madam akaichukua, akatikisa kichwa, akaichana katikati. Akatoa fomu nyingine safi, akampa mdogo wangu kalamu, mimi akanionyesha mlango.

"Wewe subiri nje kwanza. Ajaze yake."

Nikatoka, nikasimama barazani. Nilikuwa nawasikia wananicheka wote wawili. Waliponiita ndani, karatasi ilikuwa imejaa mwandiko wake wote, na palikuwa pamebaki mahali pamoja tu patupu, pa mlezi.